Kimya cha Mulhat

Mwisho wa majira ya baridi, London hulala macho wazi. Theluji imeshachoka kuwa nyeupe, imebaki kama uji uliomwagika pembeni mwa njia. Jua hutoka adhuhuri kama mgeni asiye na hakika kama amealikwa, likatazama huku na huku, likarudi zake. Watu wa Wembley hupita wamejikunyata ndani ya makoti, kila mmoja na moshi wake mdomoni, na asiyejua atadhani mji mzima umeanza kuvuta sigara siku moja. Ndio wakati ambao mzazi mwenye mtoto wa kwenda chuo kikuu hupungua akili kidogo kidogo. Hutia chumvi kwenye chai. Hupanda basi, akashuka, ndipo akakumbuka kwamba hakuwa na safari.

Mwaka ule Zuwena alikuwa katika hali hiyo hiyo. Alikuwa Mzanzibari wa Wembley, yaani mtu aliyetoka Unguja bibi harusi, mwaka uliofuata Mapinduzi, akiwa na sanduku moja na mume mmoja, na alhamdulillahi vyote viwili vimedumu, ingawa sanduku halikoromi. Mume mwenyewe, Rajab, alikuwa akipokea tiketi kwenye stesheni ya Wembley Park, amevaa kofia ya kazi iliyomfika masikioni. Zuwena alishona nyumbani. Akipunguza suruali za watu, akibadilisha zipu, kazi aliyokuwa akiletewa na shoga yake Nurjehan, mwenye duka la kufua na kupiga pasi nguo barabarani. Mtoto wao mmoja tu, Mulhat, alizaliwa hapo hapo London. Walimu wake walimwita Moli, na Zuwena alipolisikia jina hilo mara ya kwanza aliuliza kama ni la paka.

Mulhat alikuwa amekubaliwa na vyuo viwili, iwapo atafaulu mitihani yake ya kiangazi. Kimoja kilikuwa hapo hapo London, unapanda basi, unakaa, unashuka. Cha pili kilikuwa Uskoti, kaskazini kabisa, mahali ambapo kwa maelezo ya Zuwena, ukisonga mbele hatua chache unaanguka nje ya ramani. Shuleni walimwambia achague kabla majani hayajaanza kuchipua. Kote kuwili alitaka kusoma elimu ya hali ya hewa. Hilo nalo lilimpa Zuwena taabu kulieleza mbele za watu. Binti wa mwenzake anasomea udaktari, binti wa mwengine anasomea sheria, wake anasomea mawingu. Aliwahi kumwambia mtoto kwamba hewa ya nchi hii haitaki chuo, mtu anachungulia dirishani tu, kukiwa na mvua, mvua, na kusipokuwa na mvua, inakuja. Mulhat alicheka. Alikuwa bado anacheka siku zile.

Kila asubuhi Zuwena alikaa kwenye cherehani karibu na dirisha, hita ya gesi ikimchoma mguu mmoja na kuusahau wa pili. Kioo kilijaa mvuke, na nje yake watu walipita kama samaki ndani ya maziwa. Mashine ilikuwa ikienda na yeye akienda zake. Alikuwa akishona suruali ya Mwingereza fulani, lakini macho yake yalikuwa Uskoti. Alimwona Mulhat anatembea kwenye weupe usio na mwisho, hana kofia. Alimwona amelala na blanketi moja. Alimwona anakaanga mayai, mayai yanaungua, na katika nchi nzima ile hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia mayai yanaungua. Akishtuka, suruali ya Mwingereza imekuwa ya mtoto wa shule, na ilimbidi aifumue.

Basi akaamua. Lakini jambo zito haliamuliwi kwa kutamka tu kama mtu anayeagiza samaki. Kwao Unguja msichana akija kuposwa, baba haulizi. Huulizwa na mwanamke, shangazi au somo yake, kwa upole, wamekaa peke yao. Na msichana hajibu. Akisema ndiyo, ataonekana hana haya, kumbe alikuwa anangoja mlangoni na viatu miguuni. Akiwa hataki, atalia, au atasema hataki. Akinyamaza, karidhia. Zuwena mwenyewe aliulizwa hivyo, na mama yake kabla yake, na hakuna aliyelalamika, au kama alilalamika, hakusikika.

Mashangazi wa Mulhat wote walikuwa mbali, kwa hiyo Zuwena alijifanya shangazi yeye mwenyewe. Jumapili moja alasiri alimtuma Rajab dukani kutafuta kitu ambacho hakipatikani, ili achelewe. Akachoma udi mpaka mapazia yakalewa. Akatoa mkate wa kumimina uliopanda vizuri, juu una rangi ya dhahabu, akamimina chai ya iliki katika vikombe vya wageni, akamwita mwanawe akae.

Alizungumza taratibu. Alisema Uskoti ni mbali, na yeye hana mtoto wa pili wa kubakia naye. Alisema chuo cha London ni kizuri, na mawingu yake ni yale yale, hayana pasipoti, yanatembea. Alisema chumba chake kipo, kitanda chake kipo, na mama yake yupo.

"Nimeona usome hapa hapa, mwanangu," akamaliza. "Ulale kwako. Wasemaje?"

Mulhat akainamisha uso, akatazama kikombe. Moshi wa udi ukapita katikati yao. Zuwena aliuliza mara ya pili, kama inavyotakiwa, na mara ya tatu, kwa sauti ndogo zaidi. Mtoto hakuinua uso. Kidole chake kilikuwa kikizunguka ukingo wa kikombe, kikizunguka, kikizunguka, na Zuwena aliyatazama yale mashavu yaliyoiva na akaona haya za mwari mwenyewe, haya ambazo hakujua kwamba zinaweza kuota kwenye ardhi ya Kiingereza. Moyo wake ukayeyuka kama siagi. Alimbusu mtoto kichwani, akaenda jikoni, na huko, kwa kuwaogopa majirani, akapiga kigelegele kimoja ndani ya taulo la vyombo.

Baada ya hapo habari hazikulala. Kesho yake aliambiwa Nurjehan. Siku ya pili Zuwena alikwenda Edgware Road kununua halwa ya Kiomani, na huko akamwambia muuza halwa, ambaye hakuuliza, na mabibi wawili wa Maskati waliokuwa wakingoja zamu yao, ambao walimpongeza bila kujua wanapongeza nini. Alinunua pazia jipya la chumba cha Mulhat, rangi ya waridi, lenye vishada. Rajab naye aliambiwa apige rafu za vitabu. Alipouliza kama mtoto amekubali kweli, aliambiwa amenyamaza mara tatu. Rajab, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama tiketi na kutouliza msafiri anakwenda kufanya nini, aliitikia kwa kichwa akatafuta misumari.

Na Mulhat akaendelea kunyamaza. Kwa desturi alikuwa mtoto wa maneno, akizungumziwa kwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza, na anajibu mengi. Sasa alikwenda shule akarudi, akala kidogo, akapanda juu, akakaa chini ya pazia la waridi na kutazama nje. Nyumba ikawa kama imewekwa pamba. Zuwena alipita huku na huko kwa vidole vya miguu, akifurahia adabu ile. Wakati mwengine alisimama mlangoni mwa chumba akamtazama binti yake mgongo, na mgongo ule ulikuwa umetulia sana, umetulia kama nguo iliyotundikwa. Akijiambia, ndivyo anavyokuwa msichana aliyetulizana na jambo lake.

Nurjehan alikuja na mzigo wa suruali siku moja, amevaa koti juu ya sari na soksi za mwanawe juu ya soksi zake. Alizaliwa Unguja, mtaa wa Kiponda, na alipokuwa na hasira Kiswahili chake kilirudi Kiponda moja kwa moja. Siku hiyo alikuwa na hasira. Mwanawe Malek alitaka kwenda chuo cha Wales kusomea mambo ya sinema, baba yake hataki, na nyumba haikaliki. Malek anapiga makelele ngazini, Malek anabamiza milango, mpaka picha ya babu yake imeanguka, na babu alikuwa mtu wa heshima, hakuwahi kuanguka hata alipokuwa hai.

"Wewe, shoga, una bahati," alisema. "Wako hana hata sauti."

Zuwena alipokea sifa ile kama mtu anayepokea sahani, kwa mikono miwili. Alimsimulia tena habari ya udi na mkate, na vile mtoto alivyoinama. Nurjehan alisikiliza huku akipuliza chai yake. Halafu akaweka kikombe chini kabla hajakimaliza, na Nurjehan kuacha chai si jambo la kila siku.

"Lakini kitu kimoja kimenitia baridi," akasema. "Jana kapita dukani. Nimemuuliza kama ninavyomuuliza siku zote, Mulhat, kesho nianike nje? Kaniambia, sijui, Anti."

"Kasemaje?"

"Kasema hajui. Hata hakutazama juu."

Nurjehan aliondoka, suruali zikabaki. Zuwena alikaa kwenye mashine, akaweka kitambaa, akasahau kukanyaga. Tangu alipokuwa na umri wa miaka sita Mulhat hajawahi kusema hajui mbele ya mvua. Alikuwa akisimama uani na kidole chake kilicholowa mate, akitangaza upepo unatoka wapi, na watoto wa jirani walimwogopa kidogo. Mtaa mzima ulianika kwa maneno yake. Aseme hajui? Labda ni homa. Labda ni mitihani. Labda, Zuwena alijiambia, ni haya tu, haya zimemzidi.

Mvuke ulikuwa mzito kwenye kioo siku hiyo, na nje kulikuwa na weupe, si theluji si ukungu, kitu cha katikati kilichokuwa hakijaamua. Hita ilikuwa ikipumua. Macho ya Zuwena yakawa mazito, na weupe ule ukaingia ndani taratibu, ukajaa sebule, ukawa chandarua. Ndiyo, chandarua cha kitanda cha shangazi yake, kule Unguja. Akajikuta amekaa kwenye mkeka, ana miaka kumi na saba, na mbele yake amekaa shangazi, amejitanda, ana udi, anazungumza taratibu. Kijana mmoja, Rajab, watu wake wazuri, anakwenda Uingereza. Wasemaje, mwanangu?

Na Zuwena hasemi.

Katika ndoto ile alijitazama kwa karibu, kama unavyomtazama mtu kwenye kioo cha dukani, na akaona jambo ambalo hakulikumbuka kwa miaka yote ile, au alilikumbuka akalifunika kitambaa. Shavu lake moja lilikuwa limetuna. Lilikuwa na kashata. Si kipande kidogo. Kashata nzima ya nazi, kutoka kwenye bati la shangazi mwenyewe, lililofichwa nyuma ya mtungi, siku ambazo sukari ilikuwa haionekani na bati lile lilikuwa likihesabiwa kwa macho kila asubuhi. Aliposikia shangazi anaingia aliitumbukiza yote mdomoni. Shangazi aliuliza mara ya kwanza. Angefungua mdomo angejulikana mwizi. Shangazi aliuliza mara ya pili, na kashata ilikuwa ngumu, haitaki kuyeyuka, haimezeki. Aliinama ili shavu lisionekane. Aliuliza mara ya tatu, na sasa kashata ilikuwa imeanza kulainika, lakini shangazi alikuwa ameshaanza kulia kwa furaha, anamshika mikono, anamwombea dua, na nani ana moyo wa kumkatiza mtu aliyefika hapo.

Zuwena alishtuka. Mashine ilikuwa kimya. Ulimi wake ulikuwa ukitafuta nazi kwenye meno.

Juu ya kichwa chake Rajab alikuwa anagonga ukuta. Ilikuwa Jumamosi, siku yake ya mapumziko. Zuwena alipanda ngazi akamkuta chumbani kwa Mulhat, amejaa vumbi la plasta, anajaribu rafu kwa kiganja. Akakaa kitandani, akamwambia yote, kuanzia kwenye bati hadi kwenye dua. Rajab alisikiliza na nyundo yake mkononi. Aliweka nyundo chini. Alivua kofia, maana hata nyumbani aliivaa.

"Ilikuwa ya nazi au ya njugu?" akauliza.

"Ya nazi."

"Afadhali." Alifikiri. "Ningejua nimeolewa kwa kashata ya njugu ningesikitika."

"Wewe huolewi, unaoa."

"Kwa habari hii sina hakika tena." Alitazama rafu yake, na matundu yaliyokuwa ukutani, mengine ya kweli na mengine ya kukosea. "Na umekumbuka leo, Mama Mulhat, baada ya mie kutoboa ukuta."

Hakukasirika. Rajab hakuwa mtu wa kukasirika upesi, hasira zake zilikuwa zinasimama kila stesheni. Ila alipotulia alisema jambo moja kwa sauti ya chini. Alisema tangu siku ile ya mkate mtoto hamuulizi tena habari za treni. Alikuwa na mazoea, akirudi shule, ya kumuuliza baba yake treni ipi imechelewa na imecheleweshwa na nini, barafu au upepo. Sasa anapita kibandani kwake na kuonyesha tiketi kama mtu yeyote. Zuwena akauliza yuko wapi saa hizi. Rajab akasema ametoka asubuhi, amekwenda kilimani, Barn Hill, na kipimajoto chake mfukoni, hakusema anarudi lini.

Zuwena alivaa koti, akajifunga mtandio juu ya kofia ya sufu, akatia miguu kwenye mabuti ya mvua ya Rajab, ambayo yalimtangulia kila hatua. Njia ya kilimani ilikuwa tope chini na barafu juu yake, na miti ilisimama pande mbili bila majani, imelowa, kila tawi lina tone lake linalosita kuanguka. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye magoti. Alipanda, akapumzika, akapanda. Alipogeuka nyuma, Wembley yote ilikuwa imezama, nyumba, maduka, reli, vyote, isipokuwa ile minara miwili mieupe ya uwanja wa mpira iliyochomoza juu ya ukungu. Kwa muda Zuwena alisimama akiingoja iadhini.

Mulhat alikuwa kwenye benchi karibu na bwawa, amepakata kipimajoto kama mtu aliyepakata kifaranga. Alipomwona mama yake akitoka kwenye ukungu na mabuti yale, aliuliza kwa Kiingereza amefikaje huku.

"Kwa miguu," Zuwena alijibu, "ingawa mmoja ulikataa."

Akakaa. Benchi lilikuwa na ubaridi wa kuuma. Bwawa lilikuwa na utando mwembamba wa barafu, na bata mmoja alikuwa akitembea juu yake kwa tahadhari, kama anayetoka kuoga. Walimtazama bata. Zuwena alikuwa ameandaa maneno njiani, maneno mazuri, lakini yote yalikuwa yamedondoka kilimani, basi akaanza na yale yaliyobaki. Akamsimulia habari ya kashata.

Mulhat mwanzo alitazama mbele. Hadithi ilipofika kwenye shavu, mabega yake yakaanza kutikisika. Ilipofika kwenye dua ya shangazi, alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili, na Zuwena hakujua kama ni kicheko au ni kilio mpaka alipoona ni vyote viwili.

Alipopata pumzi Mulhat aliuliza, kwa Kiingereza chake cha haraka, kama mdomo ungekuwa mtupu siku ile mama yake angesema nini. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Zuwena swali lile.

"Ningesema, ngojeni kwanza," akajibu. "Si hapana. Ngojeni tu. Nilikuwa na mambo yangu." Hakusema mambo gani, maana aliposhika kuyatafuta hayakuwepo tena, yalikuwa yamebaki kwenye mkeka ule. "Na wewe je? Ulikuwa na nini mdomoni?"

Mulhat akaanza kujibu kwa Kiingereza, mbio mbio. Zuwena akainua kidole.

"Kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza utanishinda upesi, na mie leo nataka nishindwe taratibu."

Mtoto akatulia. Ilikuwa miaka hajasema jambo refu kwa lugha ile, na alipoanza alikwenda kama bata yule, akijaribu barafu kwa kila neno.

"Mimi nilikuwa nataka kusema hapana," alisema. "Lakini wewe umechoma udi. Umetoa vile vikombe. Umefanya mkate. Mtu hawezi kusema hapana mbele ya mkate." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Kwa hiyo nikanyamaza. Nikafikiri, Mama ataona. Mtu akikuuliza mara tatu na wewe hujibu, si ameona? Nikafikiri atauliza tena kesho. Lakini kesho ukanunua pazia."

Zuwena aliinamisha kichwa. Basi ndivyo ilivyokuwa. Wameketi meza moja, mmoja anapiga kelele za hapana kwa kunyamaza, na mwengine anazisikia ni ndiyo, anakwenda kupiga kigelegele kwenye taulo. Alijiona alivyokuwa Edgware Road, na wale mabibi wa Maskati, na akaomba wawe wamemsahau.

"Haya," akasema. "Nakuuliza tena. Udi sina, mkate sina, na nimegandia kwenye benchi hili, nikitaka kunyanyuka nitanyanyuka nalo. Wewe Mulhat unataka nini?"

"Nataka kwenda Uskoti."

Ilisemwa bila haya yoyote. Zuwena aliisikia ikipita, ikagonga mahali ndani yake ambapo alikuwa ameweka mto, na bado ikauma. Kulikuwa na swali la pili, lile lililokuwa likikaa naye kwenye cherehani kila asubuhi nyuma ya mayai na mablanketi. Hakutaka kuliuliza. Akaliuliza.

"Unanikimbia mie?"

Mulhat alifikiri. Lau angejibu hapana papo hapo, mama yake asingemwamini. Alifikiri kweli kweli, amekunja uso, kama anavyofikiri akitazama upepo.

"Kidogo," akasema.

"Kidogo tu?"

"Kidogo. Iliyobaki ni mawingu."

Zuwena alicheka, na kicheko kilitoka na machozi, na machozi kwa baridi ile hayafiki mbali. Alimshika mwanawe mkono. Mkono ulikuwa baridi kama kijiko. Akautia ndani ya mfuko wa koti lake pamoja na wake.

"Basi nisikilize, na mie nitasema kwa mdomo," alisema. "Siridhiki. Ujue hivyo, usije ukasema mama alifurahi. Nitalia, wala sitalia chooni, nitalia stesheni mbele ya wenzake baba yako. Nitakupigia simu kila siku mpaka wakuonee huruma. Na mie siridhiki." Akavuta pumzi, ukungu ukaingia, ukatoka. "Lakini wende."

Mulhat aliegemeza kichwa begani kwa mama yake kwa uzito wake wote, kama alivyokuwa akifanya kwenye basi alipokuwa mdogo. Wakakaa hivyo. Bata alifika ng'ambo ya bwawa, akasimama, akaonekana hakumbuki alilokuja kufanya.

"Ni upande gani?" Zuwena akauliza baada ya muda.

Mulhat alitoa mkono mfukoni akanyosha kidole, kupita miti, kupita mgongo wa kilima. Huko kulikuwa na weupe mtupu, juu na chini, bila mstari wa kuvitenganisha.

"Mbona hakuonekani kitu?"

"Ni mbali, Mama."

"Tutazame kidogo. Huenda kukaonekana."

Wakatazama. Ukungu ulikuwa ukijisukuma polepole, ukifunguka mahali na kujifunga mahali, na mara kulikuwa na kitu kama paa, mara hakipo, mara kama mtu anayepita na kikapu, mara ni mti. Mulhat alianza kumweleza kwa nini ukungu unakaa chini na hauondoki, hewa ya baridi imelalia bondeni na ya vuguvugu imeifunika juu, na Kiswahili kilipomwishia alitumia mikono. Zuwena aliitikia kwa kichwa kila neno. Hakuelewa hata moja, na hakutaka liishe.

"Naona moshi," akasema.

"Mama, hakuna moshi."

"Upo. Pale. Mtu anapika chai." Alinusa hewa, amefumba macho, na uso wake ukakunjamana kwa huruma. "Maskini. Hawajui kutia iliki."